Somo la 14: Swala, Wawindaji na Mapori Yaliyotengwa katika Nchi ya Kati

Yule ambaye redio yake haisikiki vizuri leo na afuate katika karatasi hii, kwa maana maneno ni yale yale.

Katika somo lililopita tulisoma juu ya mvua ya nchi ya kati. Tuliona kwamba Dodoma hupata mvua ya milimeta 550 au 600 tu kwa mwaka, tena katika msimu mmoja, tangu mwisho wa Novemba au Desemba hata Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo na vumbi mpaka mwaka mwingine. Leo tutawatazama wanyama wanaoishi katika nchi hiyo kavu bila ya kisima wala ghala, yaani swala na jamaa zake. Tutasoma jinsi wanavyoishi, nani amewawinda tangu zamani, na kwa nini Serikali imetenga mapori ambamo huruhusiwi kuingia na upinde wala bunduki.

Katika kila darasa nililolitembelea, kutoka Kongwa mpaka Manyoni, nimeulizwa swali moja. Swali lenyewe ni hili: Kwa nini mgeni mwenye fedha akiua tandala huitwa mwindaji, na mkulima akiua swala huitwa jangili? Ni swali la haki, nalo tutalijibu. Lakini kwanza tuwajue wanyama wenyewe.

Neno "swala" watu wengi hulitumia kwa kila mnyama mwenye pembe na miguu myembamba. Kwa kweli wako wa namna nyingi. Yuko swala pala, mwekundu, ambaye dume lake lina pembe zilizopindika kama kinubi. Yuko digidigi, mdogo kuliko mbuzi, aishiye na mwenzake mmoja katika kichaka kimoja. Yuko tandala mkubwa, mwenye pembe zilizojisokota kama kamba, na tandala mdogo, ambaye hupenda vichaka vya giza. Yuko korongo, na palahala mweusi mwenye pembe zilizorudi nyuma kama upanga wa Kiarabu. Na yuko pofu, mkubwa kuliko wote, ambaye dume lake laweza kufikia uzito wa kilo 900, yaani zaidi ya madume mawili ya ng'ombe wetu wa kienyeji. Nchi ya Ruaha, kusini ya Ugogo, ina sifa kwa jambo hili, kwamba tandala wakubwa na wadogo, na korongo na palahala, wote wanaonekana katika eneo moja.

Wanyama hawa si ayala. Nalitaja jambo hili kwa sababu wasomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana na neno "ayala" wakadhani ni pala au tandala. Ayala ni mnyama wa Ulaya, Asia na Marekani, na katika Afrika nzima yuko kaskazini tu, katika Algeria na Tunisia. Pembe za ayala huanguka kila mwaka zikaota nyingine, zenye matawi kama mti. Pembe za swala ni kama za ng'ombe na mbuzi wako. Zikiota hazianguki, na zikivunjika hazirudi. Ndiyo maana wataalamu huwahesabu swala katika jamaa moja na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kumbukeni undugu huo, kwa maana tutaona baadaye kwamba magonjwa nayo huufuata.

Sasa, wanyama wengi namna hii wanawezaje kula katika pori moja bila ya kumalizana? Wewe uliye mfugaji unalo jibu nyumbani kwako. Ng'ombe hula majani ya chini, lakini mbuzi huinuka kwa miguu miwili akala majani ya kichaka. Kwa hiyo mtu aweza kuwachunga pamoja, na kila mmoja akapata chake. Porini ni vivyo hivyo. Nyati na palahala hula majani marefu. Kongoni huchagua yale ya katikati. Digidigi hula machipukizi ya chini ya kichaka, tandala huyafikia ya juu, na twiga huchukua yale ambayo hakuna mwingine awezaye kuyafikia. Pala ana werevu wake: wakati wa mvua hula nyasi changa, na wakati wa kiangazi hugeukia majani ya miti na maganda ya migunga. Nadhani hiyo ni sababu kubwa ya kuonekana kwake kwa wingi pale ambapo wengine wamepungua.

Maji nayo wanagawana kwa namna yao. Digidigi na tandala mdogo waweza kukaa siku nyingi bila ya kunywa, kwa sababu hupata maji katika majani wanayokula. Pala na nyati hawawezi. Hao yawapasa kuwa karibu na mto au dimbwi. Basi, wakati wa masika, maji yakiwa kila mahali, wanyama hutawanyika mbali sana. Kiangazi kikija, hukusanyika kwenye mito michache isiyokauka.

Hapa ndipo matatizo mengi ya wakulima na wanyama yanapoanzia, kwa hiyo tukae kidogo. Chukueni mfano wa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyo kaskazini ya Kondoa, na iliyofanywa hifadhi mwaka 1970. Mto Tarangire ndio hazina yake wakati wa kiangazi. Lakini mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia huondoka mle wakaenda mashariki mpaka nyanda za Simanjiro, ambazo si hifadhi bali ni ardhi ya vijiji. Huko ndiko nyumbu huzalia. Kwa nini wasizalie Tarangire penye usalama? Watu wa sayansi waliyapima majani, wakaona kwamba majani mafupi ya Simanjiro yana madini ya fosfori kwa wingi, ambayo mama anyonyeshaye huyahitaji ili apate maziwa na mtoto apate mifupa. Nyumbu hajui kusoma, lakini ulimi wake humwambia. Kwa hiyo ukiilinda Tarangire peke yake na Simanjiro yote ikalimwa, wanyama wa Tarangire watapungua, hata kama hakuna mtu aliyeingia hifadhini na bunduki. Kijiji cha Terrat kilifanya mapatano mwaka 2005 na makampuni ya utalii: kijiji kiache uwanda wake kwa malisho bila ya kuulima, mifugo iendelee kula humo, na makampuni yalipe kijiji fedha kila mwaka. Wafugaji hawakupoteza kitu, kwani wao nao walitaka uwanda ubaki malisho.

Mfano wa pili ni wa huzuni zaidi. Mto Ruaha Mkuu hupita katika Hifadhi ya Ruaha kisha huingia katika bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Wazee waliukumbuka kama mto usiokauka. Tangu mwaka 1993 mto huu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, ukabaki madimbwi tu. Viboko walisongamana katika tope, na nyati na swala walilazimika kusafiri mbali kutafuta maji. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde la Usangu, huko juu ya mto, pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 2008 Usangu ikaongezwa katika Hifadhi ya Ruaha. Lakini wataalamu wa maji walikuwa wameonyesha kwamba maji mengi zaidi yalichukuliwa na mifereji ya mashamba ya mpunga, ambayo iliachwa wazi hata wakati wa kiangazi. Nionavyo mimi, ng'ombe alibeba lawama kubwa kuliko sehemu yake. Tena maji hayo hayo ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Mtera, megawati 80, na ya Kidatu, megawati 204. Swala na balbu ya taa mjini Dodoma wanangojea mto mmoja.

(Viongozi wa vikundi: simamisheni somo hapa kwa dakika chache. Kila mwanafunzi aandike majina matano ya wanyama wa porini wa mahali pake, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani.)

Tuendelee. Uwindaji katika nchi hii si jambo la jana. Ukienda Kolo, wilaya ya Kondoa, utaona michoro katika mapango ya mawe: pofu, twiga, tembo, na watu wembamba wenye pinde. Ilichorwa na watu walioishi kwa kuwinda, miaka mingi sana kabla ya jembe kufika. Bibi Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili, na mwaka 2006 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hata baada ya wakulima na wafugaji kuenea, Wasandawe wa upande wa Kwa Mtoro na Farkwa waliendelea kusifiwa kwa upinde na mishale ya sumu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wako wanaowinda mpaka leo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi kwa jamii nzima, si ya mtu mmoja mmoja, ili pori wanalowinda lisigawanywe kuwa mashamba.

Wagogo wao ni watu wa ng'ombe na mtama, na nyama ya porini ilikuwa msaada wa mwaka wa njaa. Wengi wenu mmesikia kwa babu zenu habari za njaa iitwayo Mtunya, iliyoipiga Ugogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, wakati majeshi yalipochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Watu walikula walichokipata porini. Mtu asilisahau jambo hilo anapozungumza juu ya "tabia" ya watu kupenda nyama ya pori.

Kabla ya Mtunya ulipita msiba mwingine, nao ni sotoka. Ugonjwa huu uliingia Afrika ya Mashariki kwenye mwaka 1890. Uliua ng'ombe karibu wote katika nchi nyingi, ukaua pia nyati, pofu na tandala, kwa sababu ya ule undugu tuliousema. Baada ya malisho kukosa mifugo na watu kupungua, vichaka vilirudi, na katika vichaka mbung'o. Mahali pengi tunapopaita leo "pori la asili" palikuwa na watu na ng'ombe kabla ya sotoka. Habari njema ni kwamba mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani kote, kwa kazi ya chanjo. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kumalizwa hivyo na wanadamu.

Sasa sheria. Wajerumani ndio walioanza kuandika sheria za uwindaji katika nchi hii. Mwaka 1896 gavana von Wissmann alitoa amri iliyotaka leseni kwa uwindaji na kutenga mapori ya kwanza. Mwaka 1910 walitenga pori lililoitwa Saba, katika nchi ya Ruaha. Waingereza walilipa jina la Rungwa mwaka 1946. Wakati wa Waingereza afisa wa wanyama aliitwa "Bwana Nyama", na wazee wengi bado hulitumia jina hilo. Mwaka 1961, nchi ilipokuwa karibu kupata uhuru, Mwalimu Nyerere alitia sahihi tamko la Arusha juu ya wanyama wa porini, akikubali kwamba Serikali ya wananchi itachukua dhima ya kuwatunza. Mwaka 1964 sehemu ya kusini ya Rungwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 1973 uwindaji ulipigwa marufuku nchi nzima, ukafunguliwa tena mwaka 1978. Majirani zetu wa Kenya waliufunga mwaka 1977, nao hawakuufungua. Sheria kubwa ya Tanzania ilitungwa mwaka 1974, na mahali pake ikaja ile ya mwaka 2009.

Wanafunzi wengi huchanganya majina ya maeneo haya, na kuchanganya huko kumewapeleka watu mahakamani. Someni polepole. Hifadhi ya Taifa, kama Ruaha na Tarangire, ni mahali pa kutazama tu. Hawindi mtu yeyote, awe tajiri au maskini, wala haishi mwanakijiji. Pori la Akiba ni mahali ambapo hakuna makazi wala kilimo wala malisho, lakini uwindaji waweza kuruhusiwa kwa leseni. Katika nchi yetu ya kati tunayo Rungwa, Kizigo na Muhesi upande wa Manyoni, na tunayo Swagaswaga na Mkungunero upande wa Kondoa na Chemba, yaliyotengwa miaka ya 1990. Mkungunero umekuwa na ugomvi mrefu wa mipaka na vijiji jirani. Basi ikiwa unaishi karibu na pori, usitegemee maneno ya jirani juu ya mpaka. Nenda kwa Mtendaji wa Kijiji, uombe kuonyeshwa ramani ya kijiji, na uzisome alama zake wewe mwenyewe. Hiyo ni faida ya darasa hili.

Aina ya tatu ni ile ambayo vijiji vyenyewe hutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama, vikaunda jumuiya, na mapato yakaja kijijini. Mfano ni vijiji vya Idodi na Pawaga, mkoa wa Iringa, jirani ya Ruaha, vilivyoungana katika jumuiya iitwayo MBOMIPA, maana yake Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Jumuiya hizi zina taabu zake. Fedha huchelewa, na mara nyingine viongozi hawasomi hesabu mbele ya mkutano. Lakini pale wanakijiji wanapodai kusomewa hesabu, mambo huenda vizuri zaidi.

Turudi kwenye lile swali. Mgeni anayewinda katika kitalu hulipa ada ya leseni na ada ya kila mnyama. Huambiwa mnyama gani, wangapi, na huenda na askari. Mara nyingi hutaka dume mzee mwenye pembe ndefu. Tandala mmoja humlipisha fedha ambazo kwa mkulima ni mavuno ya miaka kadhaa, na sehemu ya fedha hizo hurudi kwa halmashauri ya wilaya. Sheria humruhusu raia pia kuomba leseni kwa bei nafuu. Lakini hapa lazima tuseme kweli: uwindaji huo wahitaji bunduki yenye kibali, na bunduki si kitu cha mkulima wa mtama. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa wote kwa maandishi, na kwa vitendo ni mwembamba. Tangu kanuni za mwaka 2020 yameruhusiwa mabucha ya nyama ya porini yenye leseni, ili mwananchi aweze kununua nyama hiyo kwa halali. Kwa mtu wa mjini huo ni mlango wa pili. Kwa mtu wa Kizigo, ambaye bucha liko mbali na shilingi ni chache, bado.

Lakini kuna sababu nyingine ya sheria, ambayo haihusu fedha, nayo yataka hesabu kidogo. Chukueni kalamu.

Tuseme kuna kundi la pala lenye majike 40. Jike la pala hubeba mimba miezi sita na nusu hivi, huzaa mtoto mmoja. Tuseme majike 30 yamezaa mwaka huu. Watoto wengi huliwa na chui, mbweha na fisi. Tuseme nusu wamepona, basi ni 15. Kati yao, tuseme 8 ni majike na 7 ni madume. Mwaka huo huo majike 6 wazima yamekufa kwa simba au uzee. Kwa hiyo 40, ongeza 8, toa 6, ni 42. Kundi limeongezeka kidogo.

Sasa aje mwindaji mwenye leseni akaua madume mawili. Mwaka ujao ni majike mangapi yatazaa? Ni yale yale, kwa kuwa dume mmoja wa pala hutawala majike mengi, na madume mengine huzurura pembeni wakingojea zamu yao. Lakini aje mtu akatega mitego ya waya kwenye njia ya maji. Waya haujui dume na jike. Haujui mwenye mimba. Tuseme umenasa majike 5. Hesabu: 42, toa 5, ni 37. Mwaka wa pili yatazaa machache zaidi, na waya bado upo. Nao waya hukamata hata mwenye waya alipokwisha kuusahau. Wengine wanaoza mle bila ya kuliwa na mtu. Ndiyo sababu sheria yakataza mitego ya waya, mashimo, sumu, moto, kuwinda usiku, na kuvizia penye maji au penye chumvi, tena yakataza kuua mtoto au jike lenye mtoto. Twiga, aliye mnyama wa taifa, hawindwi kabisa.

Hesabu ya namna hii si ya pala peke yake. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walihesabiwa kwa ndege kuwa zaidi ya 109,000. Mwaka 2014 walikuwa 43,000 na kidogo. Walioondoka hawakuliwa na wanakijiji wenye njaa. Waliuawa kwa bunduki, pembe zikasafirishwa ng'ambo na watu wenye fedha nyingi. Jangili si mtu wa aina moja, na mimi napenda mahakama na askari wakumbuke tofauti hiyo, ingawa sheria ni moja.

Huenda mtu akauliza: wakiachwa kabisa, je, hawatazidi? Huko Uskoti mbwa mwitu walimalizwa zamani, miaka mia mbili na zaidi. Ayala hawana tena adui, wakaongezeka wakala miche yote ya miti, na sasa yawapasa Waskoti kuwapiga risasi maelfu kila mwaka ili misitu iote tena. Marekani nako, ayala walikuwa karibu kumalizwa kwenye mwaka 1900 kwa biashara ya nyama na ngozi. Walirudi kwa sheria kali, na tangu mwaka 1937 kodi ya bunduki na risasi hulipia utunzaji wa wanyama, kiasi kwamba leo katika majimbo mengi ayala ni wengi kupita kiasi, hula bustani za watu. Sisi bado tunao simba, chui na mbwa mwitu, nao hufanya kazi ile bila ya mshahara.

Neno moja la afya. Ukimkuta mnyama amekufa mwenyewe porini, usimle, usimpasue, usimpe mbwa. Huenda ni kimeta, ambacho huua ng'ombe, swala na mtu vilevile. Toa habari kwa afisa mifugo.

Mwisho, mambo ya shamba. Tembo wakiingia katika uwele wako usiku, usitoke na mkuki. Wengine hufunga kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, wengine hutundika mizinga ya nyuki kando ya shamba. Tembo huchukia vyote viwili. Kama shamba limekwisha kuliwa, Serikali hutoa kifuta jasho, na mtu akiumizwa au akiuawa, hutoa kifuta machozi. Angalieni majina hayo. Si fidia ya mali yote, ni pole. Kanuni za mwaka 2011 zilihesabu ekari zilizoharibika na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na shamba lililo chini ya nusu kilometa kutoka mpaka halikupewa kitu. Ulizeni wilayani kiwango cha sasa. Kwelea kwelea hawamo katika habari hii. Hao ni kazi ya watu wa kilimo.

Watu wengi hukosa kifuta jasho kwa sababu habari zilifika kwa mdomo na kwa kuchelewa. Siku hizi ninyi mnajua kuandika. Andikeni hivi, kila mtu katika daftari lake:

"Kwa Mtendaji wa Kijiji. Mimi ni mkulima wa kitongoji cha ............ Usiku wa tarehe ............ tembo wapatao ............ waliingia shambani kwangu. Wameharibu ekari ............ za ............ Shamba liko umbali wa kilometa ............ kutoka mpaka wa pori. Walioshuhudia ni ............ na ............ Naomba Afisa Wanyamapori wa Wilaya aje kupima kabla sijalima tena. Sahihi ............"

Andikeni nakala mbili. Moja mpeni Mtendaji siku ile ile kama yawezekana, na ya pili agongwe muhuri na tarehe, mbaki nayo nyumbani. Msiling'oe shamba kabla ya kupimwa. Viongozi wa vikundi wasahihishe barua hizo katika kipindi cha Alhamisi. Somo la 15 litakuwa juu ya mizinga ya nyuki, na asali ya vichaka vya Itigi.